Ng'ombe Asikatwe

Kiraka changu cha kwanza kilikuwa na mistari mitatu ya msimbo na mistari kumi na minne ya maelezo. Kwa mtu asiyeijua kazi hii, uwiano huo unaweza kuonekana wa kichekesho, kama barua ya kurasa nne ya kuomba kiberiti. Lakini katika miradi ya programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza badiliko, ndivyo mambo yalivyo. Badiliko lenyewe mara nyingi ni dogo. Kazi ni kumshawishi mtu usiyemjua, katika nchi ambayo hujawahi kufika, kwamba badiliko lako linastahili kuingia, na kwamba yeye ataweza kuishi nalo wewe ukishalisahau. Ushawishi huo hufanywa kwa maandishi tu. Hakuna sura, hakuna sauti, hakuna chai.

Nimeyasoma maandishi ya aina hiyo kwa karibu miaka miwili, mara nyingi usiku ambao nilipaswa kuwa nasoma vitu vya shahada ya uzamili, na nimefika mahali pa kuyaita utanzu. Yana kanuni zake, yana mabingwa wake, yana wasomaji wakali kupita mhadhiri yeyote niliyewahi kukutana naye. Wahakiki ndio hayana. Watu huyatumia, hawayasomi.

Kila aliyemaliza kidato cha nne anajua pa kuanzia: fani, kisha maudhui. Nianze na fani, ingawa siahidi kumaliza kwa utaratibu huo.

Kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na ambacho leo kimo ndani ya kila simu ya Android, kina waraka wa kuwaelekeza wanaotaka kuleta viraka. Waraka huo umehifadhiwa pamoja na msimbo wenyewe, nao pia hurekebishwa kwa viraka. Ni andiko kavu. Unaambiwa kichwa cha ujumbe kisizidi herufi sabini na tano hivi, kiraka kiwe maandishi matupu ndani ya barua pepe wala kisiambatishwe kama faili, na kila kiraka kitatue jambo moja tu. Ukipita haraka utadhani unasoma masharti ya tangazo la zabuni. Ukitulia, unaona kwamba waraka una msimamo kamili kuhusu jinsi mgeni anavyopaswa kuzungumza na mwenye nyumba.

Jambo la kwanza unalodai ni tatizo. Kabla hujasema umefanya nini, eleza kuna ubaya gani, nani anaumia, anaona nini kwenye skrini yake. Mkaguzi akishaamini kwamba kuna jambo linalostahili kurekebishwa, ndipo atakuwa na sababu ya kusoma aya ya pili. Hapa neno letu "kiraka" linafanya kazi kuliko wanavyojua wenye waraka. Mtaani kwetu, ukimpelekea fundi cherehani suruali iliyotoboka, ukishamwamkia na kuitikiwa marahaba, hakimbilii sindano. Anaingiza vidole viwili kwenye tundu na kuuliza: imechanika au imechakaa? Maana iliyochanika inazibwa palepale, lakini iliyochakaa inabidi kitambaa cha kiraka kivuke pembeni mpaka kifike penye nguvu, la sivyo baada ya kufuliwa mara mbili kiraka kitatoka na kipande cha nguo. Maelezo mazuri ya kiraka cha programu hujibu swali hilohilo. Je, hapa pamechanika kwa bahati mbaya, au nguo yote imechoka na sisi tunaziba tundu moja kati ya mengi yanayokuja?

Jambo la pili ni la sarufi, na hapo ndipo nilipokwama.

Waraka unataka badiliko lielezwe kwa hali ya kuamrisha. Usiandike kwamba kiraka hiki kinafanya hili, wala kwamba wewe umefanya lile. Andika kana kwamba unauamuru msimbo ubadilike. Kwa Kiswahili tungesema: si "nimeongeza", si "kiraka kinaongeza", bali "ongeza". Miradi mingi imeiga kanuni hiyo, ukiwemo huo niliouendea mimi, ambao si Linux bali ni maktaba ndogo ya programu inayosaidia tovuti kutafuta maneno ndani ya maandishi. Ujumbe wangu wa kwanza niliuandika kwa Kiingereza cha unyenyekevu nilichofundishwa shuleni. Ulianza na nafsi ya kwanza ukaishia na shukrani. Jibu lilirudi siku hiyohiyo, la mstari mmoja: andika upya kwa hali ya kuamrisha.

Nililichukia jibu lile. Katika Kiswahili nilicholelewa nacho, mtu hafiki mlangoni pa watu akaanza na "fungua". Hupiga hodi. Akiitikiwa, husema "naomba", au hukilainisha kitenzi mpaka kiishie na -e: mnifungulie, mnisaidie, mnipishe. Amri tupu tumeiachia karatasi ya mtihani (Jadili. Fafanua. Thibitisha kwa mifano) na mapishi: menya vitunguu, katakata, kaanga. Kuniambia niandike "rekebisha" kwa mtu aliyeanza kuijenga maktaba hiyo nikiwa shule ya msingi kulikuwa kuniambia nivue adabu mlangoni pamoja na viatu.

Ilinichukua muda kuona kwamba mfano wangu wa mapishi ulikuwa na jibu ndani yake. Mapishi hayamwamuru mtu yeyote kwa jina. "Kaanga" ya kwenye kitabu cha upishi si sawa na "kaanga" ya mama mkwe. Inakueleza kitakachotokea ukikubali, nawe uko huru kufunga kitabu. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo Torvalds aliiandika mwaka 2005 baada ya mradi wake kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, huandika jumbe zake yenyewe kwa namna hiyo, na kwa sababu hiyo historia nzima ya mradi husomeka kama mapishi marefu ya kitu kimoja: anza na chungu kitupu, ongeza hiki, ondoa kile, rudisha ulichoondoa juzi. "Nimeongeza" ni ripoti kunihusu mimi. "Ongeza" ni kitu ambacho mtu anaweza kukikataa bila kunikataa mimi. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni kali zaidi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu kwetu nafsi haisimami kando ya kitenzi. Imeshonewa ndani yake. Ukitaka kumtoa "mimi" ndani ya "nimeongeza" huna budi kukifumua kitenzi chote.

Nimekubali nusu ya hoja hiyo. Nusu nyingine bado inanikera, kwa sababu ukimwondoa msimulizi unaondoa pia njia aliyopitia. Maelezo ya viraka ambayo hunifanya nisahau kulala ni yale yanayovunja kanuni kidogo na kusimulia: mashine ilikuwa ikigoma kuamka baada ya kufungwa kifuniko, mara moja kati ya mara thelathini, na mwandishi alidhani ni betri, akabadilisha betri, akadhani ni diski, na baada ya kurasa za kukisia vibaya anafika kwenye herufi moja iliyokosewa. Hizo ni hadithi za kipelelezi. Kanuni inazivumilia, haiziombi. Na sina hakika kwamba ukavu wa lugha uliwahi kuleta haki inayodaiwa. Majibu yanayorudi kutoka kwa watunzaji hayakulazimishwa kuwa makavu. Kwa miaka mingi kiini cha Linux kilijulikana kwa barua za matusi, mpaka Septemba 2018 Torvalds mwenyewe alipoomba radhi hadharani kwa ukali wake na kujiweka kando kwa muda. Mleta kiraka aliambiwa avue nafsi yake mlangoni. Mpokeaji alibaki na yake, pamoja na hasira zake.

Chini ya maelezo hufuata majina, na hapa utanzu huu unakuwa wa kale kuliko unavyojijua. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM kwa madai kwamba mali yake ilikuwa imeingizwa ndani ya Linux. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mstari wa saini: kila anayeleta kiraka anaandika jina lake chini, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa, na kila mtunzaji anayekipokea na kukipeleka kwa mwingine anaongeza jina lake chini ya lile la mwanzo. Wapo pia aliyeripoti kasoro, aliyekagua, aliyejaribu, aliyependekeza. Msomaji aliyepita madrasa hahitaji kuelezwa hiki ni kitu gani. Ni isnadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka kufika kwa Torvalds. Thamani ya neno haiko ndani ya neno peke yake. Iko pia katika mnyororo wa waliolibeba, na ndiyo maana wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi: nani mkweli, nani msahaulifu, nani hakuweza kukutana na yule anayedai kukutana naye. Waraka wa Linux nao kwa miaka mingi ulitaka jina halisi. Mwaka 2023 maneno hayo yalilegezwa yakawa utambulisho unaojulikana, ingawa asiyejulikana kabisa bado hapokelewi.

Wenzetu hawana elimu ya wapokezi. Wana mnyororo tu, na mwaka mmoja baada ya legezo hilo, katika mradi mwingine kabisa, ilionekana hasara yake.

xz ni programu ya kubana mafaili, ndogo, isiyosifiwa na mtu, iliyomo karibu katika kila mgao wa Linux. Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuiletea viraka. Vilikuwa viraka vya kawaida, vyenye adabu ya utanzu. Mwaka 2022 yakajitokeza majina mengine, ambayo leo watu wengi wanaamini yalikuwa ya kubuni, yakimsukuma mtunzaji: mbona viraka vinachelewa, mbona mradi umelala, mbona hutafuti mtu wa kukusaidia? Mtunzaji alijibu mbele ya wote kwamba kwa muda mrefu afya yake ya akili haikuwa nzuri, na kwamba kazi ile aliifanya kwa kujitolea, bila malipo. Hatimaye Jia Tan akapewa mamlaka ya kuingiza mabadiliko na kutoa matoleo. Mwezi Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, likiwa na mlango wa nyuma ambao ungemruhusu mwenye ufunguo kuingia kwenye seva za watu. Halikukamatwa na mnyororo wa majina wala na mkaguzi. Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa ssh kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akakerwa, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokikuta.

Kisa hiki kimeelezwa sana kama kisa cha usalama. Mimi nakisoma kama kisa cha mtindo. Jia Tan alikuwa mwandishi mzuri wa utanzu huu, na uzuri wake ndio uliokuwa kificho chake. Hali ya kuamrisha haina lafudhi. Haina umri, haina mji, haina mgonjwa nyumbani. Mtu wa kubuni anaishi humo vizuri zaidi kuliko mtu wa kweli, kwa sababu kanuni tayari zimemtaka kila mmoja awe nusu mtu wa kubuni. Na tazama nani katika mazungumzo yale yote aliyetumia nafsi ya kwanza kwa ukweli: mtunzaji aliyechoka. Yeye peke yake ndiye aliyesema "mimi" akimaanisha mwili wake, na ni kwenye neno hilohilo ndipo walipomshika.

Kuna jambo jingine dogo nalihifadhi kwa ajili ya baadaye. Sehemu ya sumu ile haikuwemo katika historia ya msimbo iliyo wazi kwa kila mtu; iliwekwa ndani ya vifurushi vya toleo tu. Sehemu nyingine ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, yaani mahali ambapo kila mtu huhesabu kwamba hakuna cha kusoma.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa kiraka kuwa uongo. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamepeleka katika Linux viraka vyenye kasoro za makusudi ili wapime kama vitapita, na mtunzaji Greg Kroah-Hartman akakifungia chuo kizima mlango. Makala yao ya kitaaluma iliondolewa. Wapo waliowatetea kwa hoja ya sayansi. Mimi, ambaye chuo kinanitaka nijaze fomu ya maadili ya utafiti kabla ya kumhoji mwenzangu wa bwenini, sikuwaonea huruma.

Sasa nifike kwa andiko ambalo wote hawa wanaliishi bila kulitaja. Mwaka 1997 Eric Raymond alisoma kwenye mkutano nchini Ujerumani insha yake maarufu inayolinganisha kanisa kuu na soko. Kanisa kuu ni programu inayojengwa na wachache faraghani, soko ni namna ya Linux: kelele, watu wa kila aina, kila mmoja na ajenda yake, na kwa muujiza fulani kinachotoka ni kitu imara. Hoja yake inayokaririwa zaidi ni kwamba macho yakiwa mengi ya kutosha, kila kasoro huwa rahisi kwa mmoja wao. Raymond anaandika kwa uchangamfu, anasimulia kazi yake mwenyewe juu ya programu ya kuchukua barua pepe kama mtu anayesimulia safari ya kuvua samaki, na insha ilikuwa na nguvu kiasi cha kuchangia uamuzi wa Netscape wa kufungua msimbo wao mwaka 1998. Pia anakiri kwamba kiongozi wa mradi anahitaji ustadi wa kukaa na watu. Yote hayo nampa.

Lakini soko lake ni soko la mtalii. Ni soko linaloonekana kutoka dirishani, ambapo kelele ni kelele tu. Mtu aliyetumwa Kariakoo asubuhi akiwa na orodha mkononi anajua kwamba hakuna mahali penye mpangilio kama pale. Meza ina mwenyewe, na mwenyewe ana meza ya baba yake nyuma. Kuna dalali ambaye bila yeye hupati bei, kuna anayekushikia mzigo, kuna anayejua gari la Iringa limeingia saa ngapi, na kuna mgeni aliyetandika bidhaa zake chini ambaye kila mtu anamtazama anajifanya hamwoni. Ukitaka kuuza pale unahitaji mtu wa kusema: huyu namjua. Hicho ndicho kinachotokea katika miradi ya programu huria. Raymond alikiona lakini akakiita mvurugo wenye baraka.

Kisha kuna jina lenyewe. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwabebesha mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambao waliwekwa kambi mahali pale. Soko letu kubwa kuliko yote lina jina la watu waliobeba. Insha ya Raymond ina wauzaji, wanunuzi, na macho mengi. Wapagazi haina. Mtunzaji wa xz alikuwa mpagazi. Na kuhusu macho, kasoro ya Heartbleed iliingia katika OpenSSL usiku wa tarehe 31 Desemba 2011, kama saa moja kabla ya mwaka mpya, kupitia kiraka cha kawaida kilichokaguliwa na mtu mmoja, ikakaa wazi mbele ya dunia nzima mpaka Aprili 2014. Macho yalikuwepo. Kila mmoja alidhani ni ya mwenzake.

Nilisema kiraka changu kilikuwa na mistari mitatu. Kasoro yenyewe ilikuwa hivi. Maktaba ile ya kutafuta maneno ilikuwa inakata neno kila inapokutana na ritifaa. Aliyeiandika alikuwa na sababu nzuri: katika Kiingereza na Kifaransa, ritifaa mara nyingi ni mshono kati ya vitu viwili. Katika Kiswahili ni sehemu ya sauti moja. Kwa hiyo ng'ombe alikuwa anachinjwa vipande viwili, "ng" na "ombe", ng'ambo ikabaki "ambo", na rafiki yangu aliyekuwa akijenga tovuti ya elimu ya afya alitafuta ndani yake habari za kung'oa jino akaletewa makala ya ushauri kwa wanaotaka kuoa. Tulicheka sana. Halafu yeye akalala, nami nikafungua msimbo.

Toleo la kwanza la kiraka lilikataliwa kwa sababu ya sarufi, kama nilivyosema. Toleo la pili liliulizwa swali: watumiaji wangapi wanaathirika? Ni swali halali; waraka wa Linux nao ungeuliza hivyohivyo. Lakini lilinikaa kooni. Niliandika kwamba UNESCO hutaja wasemaji wa Kiswahili zaidi ya milioni 200, na nilipobonyeza kutuma niliona aibu, kana kwamba nimewaita watu wote hao kuja kunisaidia kubishana kuhusu ng'ombe mmoja. Je, wangekuwa laki mbili, ng'ombe angekatwa? Mkaguzi hakubisha. Alisema sawa, akaomba nishughulikie pia ile ritifaa iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria na ambalo lilikuwa la maana kuliko milioni zangu.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Kanuni niliyoiandika ilisema: usikate ritifaa ikiwa inatanguliwa na "ng" na kufuatwa na irabu. Nilikuwa na uhakika nayo. Ni dada yangu aliyenisikia nikieleza mezani akaniuliza, na akina Ng'wana je? Mimi niliyesoma shule ya msingi Shinyanga, ambako orodha ya mahudhurio ilikuwa na majina ya Kisukuma ya Ng'wana huyu na Ng'wana yule kutoka juu mpaka chini, nilikuwa nimeandika kanuni iliyowakata wote majina. Hakuna mkaguzi wa Ulaya au Marekani ambaye angeliona kosa hilo. Ningepita na saini yangu chini, mpokezi mkweli na msahaulifu.

Toleo la nne lilipokelewa baada ya miezi mitano. Mtunzaji aliandika upya maelezo yangu kabla ya kuyaingiza. Mistari yote kumi na minne, pamoja na jino, ng'ambo, na aya niliyojivunia kuhusu sauti moja inayoandikwa kwa alama tatu, ikawa sentensi moja ya kuamrisha: ruhusu ritifaa ndani ya neno. Ni sentensi nzuri. Ni fupi na ni ya kweli, na mtu akiisoma hatajua kwamba kuna lugha yoyote duniani iliyohusika. Kiswahili kilichobaki katika mradi mzima kimo ndani ya faili la majaribio, mstari ambao unaiambia mashine kwamba kila badiliko linapoletwa, na yeyote yule, ijaribu kwanza maneno matatu: ng'ombe, kung'oa, Ng'wana. Yakitoka mazima, kiraka kipite. Yakikatwa, kisipite. Dada yangu hajui kwamba yumo humo.

Wiki iliyopita mtu mmoja amependekeza kiraka cha kusafisha majaribio. Kichwa chake kimeandikwa vizuri, kwa hali ya kuamrisha, chini ya herufi hamsini. Anaondoa mistari ambayo kwa maoni yake inarudiarudia jambo lilelile, na wa kwangu umo, kwa hoja kwamba tayari kuna jaribio la ritifaa la neno la Kifaransa. Jina lake silijui. Viraka vyake vingine ni vizuri. Nimemwandikia, nimeanza na tatizo kama waraka unavyotaka, nimeeleza tofauti ya mshono na sauti, na mwishoni, ingawa najua kanuni, nimeandika kwa nafsi ya kwanza kwamba naomba mstari huo ubaki. Mpaka naandika haya hajajibu.